Honi za Bach kwa matarumbeta ya usharika: tununue nini?

*"Shikamoo Mtaalamu. Ninaongoza kikundi cha matarumbeta cha usharika mmoja wa KKKT hapa Dodoma. Mwaka huu, Siku ya Matengenezo ya Kanisa, tunataka kupiga pamoja na wanakwaya wetu ule wimbo wa ufunguzi wa Kantata 79 ya Bach. Ina honi mbili za G zilizo juu sana. Tulivyonavyo ni flugelihoni mbili, tarumbeta tatu za B-flati, altohoni moja ya E-flati, tromboni mbili, tuba, na honi moja ya duara ya F na B-flati tuliyopewa na marafiki wa Ujerumani. Kijana anayeipiga honi hiyo anafika G iliyo juu ya mistari. Akipita hapo anateleza na kudaka noti ya jirani. Mmoja amemwambia atafute kipulizio chembamba. Mwingine anasema tuagize ile honi fupi ya F ya juu. Mwingine anataka honi asilia isiyo na valvu za kubonyeza, kama ya enzi za Bach. Na wapo wanaosema Dodoma iko juu ya mwinuko, ndiyo maana ala zetu zinapanda sauti mchana. Harambee imetupa fedha kiasi na tumebakiwa na miezi minne. Tununue nini?"*

Marahaba, Mwalimu, na hongereni kwa kuthubutu. Kantata hiyo, yaani wimbo wa ibada wenye sehemu kadhaa wa mtunzi Mjerumani Bach, iliandikwa kwa ajili ya siku hiyohiyo mnayoiandalia: ilipigwa Leipzig tarehe 31 Oktoba 1725. Honi mbili na timpani (ngoma kubwa) ndizo zinazoubeba ufunguzi, na baadaye wazo lao linarudi kuizunguka korali (wimbo wa usharika) ya "Nun danket alle Gott". Ukiziondoa honi, umekiondolea kipande uti wa mgongo. Una haki kabisa ya kuhangaika.

Jibu nakupa mapema: msinunue honi yoyote kwa ajili ya siku hii. Flugelihoni mbili mlizo nazo, zile zinazofanana na tarumbeta ila bomba lake linapanuka, zikiwa mikononi mwa wapulizaji wenu wazuri wa tarumbeta, zitaifanya kazi hii vizuri kuliko chochote mtakachoagiza. Na mkikubali kuushusha ufunguo kutoka G hadi F, mtaifanya kwa raha. Mengine yote hapa chini ni kueleza kwa nini, ili wazee wa usharika wakikuuliza uwe na la kuwaambia.

Tuanze na honi yenyewe. Honi aliyoiandikia Bach ilikuwa bomba refu lililokunjwa duara, halina valvu wala tundu. Honi ya G ina urefu wa kama mita 3.3. Bomba la namna hiyo lina noti zake lenyewe, zinazoitwa harmoniki, na mpulizaji huchagua mojawapo kwa midomo na pumzi tu. Kwa kuwa kwaya zetu zimelelewa na sol-fa, nitakupangia hivyo, Do ikiwa G. Chini kabisa noti zimeachana sana: harmoniki ya 2 ni do, ya 3 so, ya 4 do, ya 5 mi, ya 6 so. Hapo unaweza kupiga mwito wa mwindaji, lakini huwezi kupiga wimbo. Wimbo unapatikana kuanzia harmoniki ya 8: do, ya 9 re, ya 10 mi, ya 11 fa, ya 12 so, ya 13 la, ya 14 ta, ya 15 ti, na ya 16 do ya juu. Kwa hiyo Bach hakupanda juu ili kuwatesa wapulizaji. Alipanda kwa sababu huko ndiko ngazi kamili ilipo. Kule chini vidato vimeachana mno.

Tatizo ni kwamba vidato hivyo, kadiri unavyopanda, ndivyo vinavyobanana. Ukiwa kwenye harmoniki ya 16, ya 15 iko nusu toni chini yako na ya 17 iko nusu toni juu yako. Midomo ikilegea kidogo tu, umeshadaka ya jirani. Hicho ndicho kinachompata kijana wako, na wala si uzembe wake.

Sasa lile wazo la honi fupi. Watu wengi huamini kuwa ala fupi hukupa noti za juu. Haiko hivyo. Do ya juu ya honi ya G ni noti ya G inayotetemeka mara 784 kwa sekunde. Ukiipiga kwenye bomba la mita 3.3 au la mita 1.4, midomo yako ni lazima itetemeke mara zilezile 784. Hakuna bomba litakalokufanyia kazi hiyo. Kinachobadilika ni umbali wa majirani. Kwenye flugelihoni ya B-flati, yenye bomba la kama mita 1.4, noti hiyohiyo ni harmoniki ya 8 ukibonyeza valvu ya kwanza na ya pili, na majirani wake wako mbali kwa toni nzima na zaidi. Kwa hiyo ala fupi inakupa usalama wa kuidaka noti ambayo midomo yako tayari inaiweza. Midomo ikiwa haijafika huko, fedha imepotea.

Ndiyo maana siwashauri honi ya F ya juu, ile yenye bomba la karibu mita 1.85. Ni ala nzuri kweli, na wapiga honi wa okestra kubwa huitumia kwa sehemu za namna hii, kwani noti yetu ya G inakuwa harmoniki ya 9 bila kubonyeza chochote. Lakini hebu tupime hesabu ya kijana wako. G iliyo juu ya mistari kwenye nakala ya honi ya F husikika kama C. Do ya juu ya honi ya G, ikiandikwa kwa ajili ya honi ya F, ni D iliyo toni moja juu ya ile C ya juu ambayo wapiga honi wengi huihesabu kuwa mwisho wa eneo lao. Anahitaji kupanda noti nne zaidi, A, B, C na D, kutoka alipo sasa. Hilo ni suala la miaka ya mazoezi. Miezi minne haitoshi, hata mkimpa honi ya bei gani. Nazo zile nzuri hugharimu maelfu ya dola, huku za bei ya chini mara nyingi zina upande wa juu usiokaa kwenye sauti.

Kipulizio chembamba nacho ni ushauri unaotolewa kwa haraka. Vipulizio vya honi vina upana wa ndani wa karibu milimita 17 hadi 18. Ukimpa cha milimita moja pungufu, pengine atasikia wepesi kwa siku chache, kisha sauti itakonda, noti za chini zitakuwa ngumu, na atarudi palepale. Hatari iliyo kubwa zaidi ni kwamba mtu anayetafuta noti za juu kwa njia ya mkato huanza kukikandamiza kipulizio kwenye midomo. Damu haipiti vizuri, midomo inakufa ganzi, na baada ya dakika kumi hana hata noti za katikati. Na tafadhali msichomeke kipulizio cha tarumbeta kwenye honi kwa kutumia utepe au karatasi. Bomba la honi linaanza jembamba kuliko la tarumbeta, na kipulizio chake kina shimo refu lenye umbo la faneli. Ukibadilisha hapo, uwiano wa noti zote unavurugika, za juu zaidi ya zote.

Honi asilia ninaipenda, na siku moja ningefurahi kuisikia Dodoma. Ila ijueni kwanza. Harmoniki ya 11, ile fa, iko takriban senti 51 juu ya fa ya kinanda (nusu toni ni senti 100), maana yake imekaa katikati ya fa na fe. Ya 13, ile la, iko senti 59 chini ya la. Ya 14 iko senti 31 chini ya ta. Mpulizaji wa zamani alizipinda noti hizo kwa midomo, na alikuwa amefundwa kazi hiyo tangu utotoni. Gottfried Reiche, kiongozi wa wapulizaji wa mji wa Leipzig wakati wa Bach, alikuwa fundi wa kiwango hicho. Ile namna ya kurekebisha noti kwa kuingiza mkono kwenye mdomo mpana wa honi ilikuja kukamilishwa Dresden katikati ya karne hiyo, na mpulizaji aliyeinua honi yake juu kwa mtindo wa wawindaji hakuwa na msaada huo. Siku hizi hutengenezwa honi asilia zenye vitundu vya kusahihisha fa na la. Zinasaidia, lakini bado unabaki na bomba refu na majirani waliobanana. Mkiipiga kando ya kinanda cha umeme, kila kosa litasikika hadi viti vya nyuma.

Kwa hiyo tunarudi kwenye flugelihoni. Kwa nini si tarumbeta, wakati urefu wa bomba ni uleule? Kwa sababu ya umbo la bomba. Sehemu kubwa ya bomba la tarumbeta haibadiliki upana, ndiyo maana sauti yake inachoma. La flugelihoni linapanuka taratibu karibu njia nzima kama lile la honi, na sauti inakuwa ya mviringo, inayokaa ndani ya kwaya badala ya kukaa juu yake. Tarumbeta ndogo, ile pikolo, msiifikirie kabisa kwa sehemu hizi. Altohoni yenu ni tamu kwa sauti za kati, ila noti yetu ya juu kwake ni harmoniki ya 10, kwa hiyo muiachie sauti ya alto au ya tena.

Wapulizaji wawapate vipi? Fungueni nakala ya honi ya kwanza, mtafute noti ya juu kuliko zote na kuizungushia penseli. Kila anayetaka nafasi aipige noti hiyo mara tano mfululizo, kwa sauti ya wastani, bila kukunja uso, kisha aipande noti nyingine moja juu yake. Asiyekuwa na akiba hiyo ya noti moja hatahimili wimbo mzima wa dakika kama tano, hata kama anaigusa vizuri akiwa mpya. Kwenye G halisi, noti ya juu ya flugelihoni ya B-flati itaandikwa A iliyo juu ya mistari. Anayefika C ya juu kwa utulivu anaiweza.

Hapa ndipo ninapopenda kuwashawishi mpige katika F. Wapo watakaosema mnamharibu Bach. Waambieni hivi: sauti ya A iliyotumika huko wakati huo kwa kawaida huhesabiwa kuwa karibu mitetemo 415, nusu toni chini ya 440 ya kinanda chenu. G yake ilisikika karibu na F-shapu yetu. Mkipiga katika F mko nusu toni tu chini ya alivyosikia yeye, na mkipiga katika G mko nusu toni juu. Faida yenu ni kubwa: do ya juu kwenye flugelihoni inakuwa G, inayopigwa bila valvu hata moja, nakala yao inakuwa na shapu moja badala ya tatu, na masoprano wenu watawashukuru. Kinanda cha umeme kina kitufe cha kushusha ufunguo. Kikwazo kipo kimoja, ala za nyuzi. Kama mmealika wapiga fidla, noti zao za chini kabisa zitapotea chini ya waya wa mwisho, itabidi waziinue kwa okta. Kama mnao wengi na wana uwezo, bakini kwenye G.

Kwenye kuandika nakala upya ndipo vikundi vingi huharibikiwa, kwa hiyo nenda polepole. Nakala ya asili ya honi imeandikwa Do ikiwa C, bila shapu wala flati. Mkipiga katika F na wapulizaji wako wanasoma kwa mtindo wa B-flati, andika Do iwe G, yaani shusha kila noti kwa nne: C iliyo katikati ya mistari inakuwa G iliyo chini yake. Mkipiga katika G, Do inakuwa A, shusha kwa tatu ndogo, shapu tatu. Lakini vikundi vyetu vingi vilifundishwa kwa utaratibu wa makanisa ya Ujerumani, ambao mpulizaji wa tarumbeta husoma noti kama zinavyosikika kwenye kinanda. Kama ninyi ni wa utaratibu huo, Do iandikeni F au G kama ilivyo. Uliza kabla hujaandika: mwambie mpulizaji apige C anayoijua yeye, kisha uitafute kwenye kinanda. Ikisikika C, anasoma kama kinanda. Ikisikika B-flati, anasoma kwa mtindo wa B-flati. Kijana wa honi ana bahati katika F: nakala ya asili anaisoma bila kubadilisha hata noti moja.

Naye asiachwe nje. Mpe mistari ya tena au ya alto katika korali, na zile sehemu za honi ya pili zinazokaa chini, hasa pale flugelihoni ya pili inapohitaji kupumua. Abonyeze kidole gumba na kukaa upande wa B-flati, wenye bomba la kama mita 2.8, anapopita C iliyo katikati ya mistari. Kama amekuwa akipiga kila kitu upande wa F, hilo peke yake litapunguza kuteleza kwake kwa kiasi mtakachokisikia wiki hiyohiyo.

Fedha ya harambee, basi, itumieni hivi. Kwanza, vipulizio viwili vya flugelihoni vinavyofanana, vyenye kina, ili sauti mbili ziwe na rangi moja. Angalieni shina: flugelihoni zina maumbo zaidi ya moja ya tundu la kupokelea kipulizio, na za Kijerumani mara nyingi hazilingani na za viwanda vingine. Nendeni dukani na ala yenyewe. Kipulizio kiingie kama sentimita mbili na kushika bila kutikisika. Kikicheza, pumzi inavuja na noti za juu ndizo zinazoumia kwanza. Pili, mafuta mepesi ya valvu na grisi ya mabomba ya kuvuta. Vumbi letu na hewa kavu ya miezi hiyo hukausha valvu upesi. Tieni mafuta kila siku ya mazoezi, na msitumie mafuta ya kula, yanaganda na kushika vumbi. Tatu, ifanyieni ukaguzi honi mliyopewa. Vuta bomba dogo la valvu moja bila kubonyeza, subiri sekunde tano, kisha bonyeza. Ukisikia mlio mfupi wa hewa kama kizibo, valvu inashika. Kukiwa kimya, hewa imevuja. Kisha fungua kifuniko cha nyuma cha valvu ya kuzunguka: utaona alama mbili ndogo zinazopaswa kukutana sawasawa, moja valvu ikiwa imetulia na nyingine ikiwa imebonyezwa. Zisipokutana, vile vizuizi vya koki au mpira vimechakaa, na njia ya hewa imezibwa nusu. Honi nzima ikipiga vibaya, mara nyingi kisa ni kidogo kama hicho.

Kuhusu mwinuko wa Dodoma: hauna kosa. Kinachopandisha sauti ni joto. Sauti husafiri haraka zaidi katika hewa ya moto, na kinadharia ala ya kupuliza hupanda karibu senti 3 kwa kila nyuzi moja ya joto. Mwisho wa Oktoba mchana wetu hufika nyuzi 30, wakati kinanda cha umeme hakisogei. Flugelihoni husawazishwa kwa kuvuta bomba la kipulizio. Sentimita moja inashusha kama senti 12. Kwenye honi ya F, kuvuta bomba kuu sentimita moja kunashusha kama senti 9 tu. Sawazisheni mkiwa mmepasha ala moto kwa dakika kumi, ndani ya kanisa lenyewe, watu wakiwa wameingia.

Mazoezi ya juu yasizidi dakika 20 kwa siku, na kila dakika ya kupiga ifuatiwe na dakika ya kupumzika. Wiki sita za kwanza wapige kwa sauti ndogo na kasi ya nusu, vifungu vigumu vikianza okta moja chini hadi vidole vizoee. Una tarumbeta tatu: mgawanye honi ya kwanza kati ya watu wawili wapokezane. Hakuna aibu hapo. Siku yenyewe wakae pembeni ya kwaya, ala zikielekezwa ukutani. Sauti ikirudi kutoka ukutani inafanana zaidi na honi.

Yapo mambo ambayo maandishi hayatoshi. Mpulizaji akipata ganzi ya mdomo isiyoisha hadi kesho yake, kizunguzungu kila anapopanda, au uvimbe na maumivu ya kinena, aache kupiga na aende hospitali kabla ya kurudi mazoezini. Valvu inayovuja au bomba lililopasuka usimpelekee fundi wa kulehemu wa mtaani. Joto lake ni kali mno na litafungua maungio mengine. Dodoma bendi za jeshi na polisi hupiga kwenye shughuli nyingi za serikali, nazo zina watu waliozoea kutunza ala hizi. Ombeni kupitia viongozi wenu mwonane na mmoja wao. Na kama mnaweza kumpata mwalimu wa ala za kupuliza kutoka idara ya muziki ya Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kwa siku mbili, mwiteni mwezi wa pili wa mazoezi, wakati tabia mbaya za midomo bado zinaweza kurekebishwa. Aanze na kijana wa honi.